Uzoefu wangu na mwongozo wa UDL kwenye darasa la Biolojia

Ninafundisha Biolojia kidato cha pili katika sekondari ya serikali hapa Tanzania, na kwa muda sasa kila andalio langu la somo linapita kwanza kwenye mwongozo wa UDL kabla sijaingia darasani. Naandika kwa ajili ya walimu wenzangu waliousikia kwenye semina na wanajiuliza kama unafaa kwa shule zetu. Kwa maoni yangu unafaa sana, na sehemu inayofaa kuliko zote haihitaji umeme. Sehemu ya sayansi ya ubongo ina mambo mazuri, ila yapokelewe kwa uangalifu. Vifaa vya teknolojia vimenisaidia pale tu nilipokuwa tayari nimeshajua nataka mwanafunzi afike wapi.

Kwa ambaye hajaufahamu: UDL (kifupi cha Kiingereza cha Universal Design for Learning) ni namna ya kusanifu ufundishaji tangu mwanzo ili umfikie kila mwanafunzi, badala ya kuandaa somo kwa ajili ya mtoto wa kufikirika kisha kuhangaika na wale walioachwa nje. Ulizaliwa Marekani, katika taasisi ya CAST iliyoanzishwa mwaka 1984 jimboni Massachusetts. Waanzilishi wake, wakiwemo Anne Meyer na David Rose, walianza kwa kutumia kompyuta kumsaidia mtoto mmoja mmoja mwenye ulemavu aweze kutumia vitabu vya kawaida. Baadaye wakaligeuza swali lenyewe: kama kitabu kimetengenezwa kwa namna ambayo watoto wengi hawawezi kukitumia, kwa nini tunahangaika kumrekebisha mtoto na kitabu tunakiacha? Wazo hilo lilikuwa tayari limeshaanza kwa wasanifu wa majengo. Ronald Mace, msanifu aliyetumia kiti cha magurudumu baada ya kuugua polio utotoni, ndiye aliyesisitiza kwamba jengo lifae watu wote tangu linapochorwa.

Mwongozo wenyewe uko mtandaoni bure. Toleo la 3.0 lilitoka Julai 2024, nalo lina kanuni 3, miongozo 9 na vipengele 36 vya kuzingatia. Mimi niliukuta kupitia mafunzo mafupi ya walimu ya mtandaoni, ambayo waendeshaji wake sitawataja. Nitayagusia kidogo mbele.

Kilichonikamata ni swali moja ambalo limejificha nyuma ya vipengele vyote hivyo: kikwazo kiko wapi kwenye somo hili? Tumezoea kusema mtoto fulani ni mzito, fulani haoni vizuri, fulani hajui Kiingereza. Mwongozo unakutaka uliangalie somo lako mwenyewe na useme ni mahali gani hasa linamzuia. Na unakutaka utenganishe lengo na njia ya kulifikia. Nikisema lengo langu ni wanafunzi waeleze osmosisi, yaani jinsi maji yanavyopita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi, basi kuandika aya safi ya Kiingereza si lengo la siku hiyo. Ni njia mojawapo tu, tena kwa wengi ndiyo njia yenye miiba.

Hapa ndipo nilipoona mwongozo ukigusa hali yetu. Watoto wetu wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili miaka saba, kisha wanavuka kuingia sekondari na kila kitu kinakuwa Kiingereza. Tukitaja wanafunzi wenye mahitaji tofauti, mawazo huenda haraka kwa asiyeona au kiziwi, na ni sawa, wapo na wana haki yao. Lakini kwenye darasa langu kikwazo cha lugha kinamshika karibu kila mtu. Mwanafunzi anasikia sentensi, anaitafsiri kichwani, anatafuta maana ya istilahi, na wakati huohuo anatakiwa aelewe kwa nini maji yanatoka upande huu kwenda ule. Watafiti wa kumbukumbu ya muda mfupi, kama Nelson Cowan katika kazi yake ya mwaka 2001, wanakadiria kwamba akili inashika kwa wakati mmoja mambo mapya kama 4 hivi. Nusu ya nafasi hiyo ikiliwa na tafsiri, Biolojia inabaki na nini?

Basi somo la osmosisi nililipanga hivi. Vipande viwili vya kiazi mviringo, kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi. Kipindi chetu ni cha pamoja, dakika 80, kwa hiyo tunaviweka mwanzo na kuvitoa kuelekea mwisho. Zamani ningeviinua mbele ya darasa na kusema angalieni. Sasa kila kundi lina vipande vyake, na kazi ya kwanza ni kuvishika. Kile cha maji matupu kimekaza, kinavunjika kwa mlio. Kile cha chumvi kimelegea, unaweza kukikunja. Mwanafunzi wangu mmoja ana ualbino na uoni hafifu, na tofauti hii aliipata kwa vidole vyake sawasawa na yeyote mwenye macho makali. Alikuwa wa kwanza kusema kwamba kile kilicholegea kimenyonywa maji. Sikulazimika kumtengenezea somo la pembeni.

Kisha wakajadili kwa Kiswahili: maji yamekwenda wapi, na ni nini kwenye kiazi kinachoruhusu maji kupita na kuizuia chumvi? Waliposhaelewana ndipo nilipoweka istilahi za Kiingereza ubaoni, kila moja na mchoro wake, pamoja na vianzio vya sentensi ambavyo wangeweza kuvimalizia. Kujibu, niliwapa njia tatu: kuchora na kuweka mishale, kunieleza kwa mdomo, au kuandika. Walioandika waliruhusiwa kuanza kwa Kiswahili.

Najua swali ambalo mwalimu wa taaluma atauliza, kwa sababu wangu aliliuliza: mtihani utakuwa kwa Kiingereza na kwa maandishi, sasa unawasaidia au unawadanganya? Ni swali la haki. Mwongozo wenyewe unatoa nafasi ya kulijibu, kwa sababu msaada unaoutoa unatakiwa upungue kadiri mtoto anavyopata nguvu. Muhula ulivyosonga nikaviondoa vianzio vya sentensi kidogokidogo, na siku ambazo lengo lenyewe ni kuandika jibu la mtihani, Kiswahili kinabaki kwenye maandalizi na jibu linatoka kwa Kiingereza. Nilichoacha ni kupima mambo mawili kwa mpigo na kuyapa alama moja. Daftari lenye aya mbovu na mchoro sahihi sasa linaniambia kitu tofauti na daftari lenye aya iliyonakiliwa kitabuni.

Kuhusu mitihani, Baraza la Mitihani lina taratibu ambazo walimu wengi tunazijua kwenye mtihani wa taifa tu: maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, nukta nundu kwa wasioona, na muda wa ziada wa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Nimeyaleta haya kwenye majaribio yangu ya kawaida. Hainiingii akilini mtoto akutane na karatasi inayomfaa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa mwisho.

Sasa nije kwenye ubongo. CAST wanazipanga kanuni zao tatu kwa mitandao mitatu ya ubongo: wa hisia, unaohusika na kwa nini mtu ajifunze, wa utambuzi, unaohusika na anachojifunza, na wa mikakati, unaohusika na jinsi anavyokitenda. Mimi nauchukulia mpangilio huu kama orodha ya kujikumbusha: je, nimewapa sababu ya kujali, nimewaonyesha kwa zaidi ya njia moja, nimewapa zaidi ya njia moja ya kujibu? Kwa kazi hiyo unatosha. Ubongo halisi haujagawanyika vyumba vitatu, na hakuna jambo ambalo mtoto hulijifunza kwa mtandao mmoja peke yake.

Yale mafunzo mafupi niliyoyataja yaliniudhi hapa. Kwenye moduli ya ubongo tulifundishwa tuwagawe wanafunzi: hawa ni wa kuona, hawa wa kusikia, hawa wa kutenda, kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Harold Pashler na wenzake waliupitia utafiti wa jambo hilo mwaka 2008 na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulihalalisha. Na zaidi, ni kinyume cha UDL yenyewe. UDL inasema njia nyingi ziwe wazi kwa wote, mtoto achague na abadilishe. Kumbandika mtoto lebo ya msikilizaji ni kumfungia mlango wa mchoro. Mwalimu mwenzangu, ukikuta semina inachanganya mambo haya mawili, uliza maswali.

Sayansi ya ubongo na kumbukumbu iliyonisaidia kweli ni ile ya kawaida zaidi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanaorudia kusoma wanafanya vizuri wakipimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka ndio wanaobaki na mengi. Kwa hiyo kila kipindi changu kinaanza na maswali mafupi ya somo la wiki iliyopita, bila alama, kila mtu anajibu kwa jirani yake kabla sijamtaja yeyote. Watoto waoga, ambao hawainui mkono kamwe, wanazungumza hapo.

Teknolojia nitaieleza kwa ufupi, maana ndiyo sehemu inayobadilika haraka. Shuleni kwetu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo kifaa ni changu: simu moja na spika ndogo. Kinachotumika zaidi ni sauti. Narekodi muhtasari wa mada, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, naweka kwenye memori kadi, na wanafunzi wanasikiliza nyumbani kwenye redio ndogo zinazopokea kadi hizo. Niliwaandalia wachache, sasa zinazunguka darasa zima. Kwenye chumba cha kompyuta tuna NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye baadaye aliungwa mkono na James Teh, wote Waaustralia wasioona. Inasoma hata Kiswahili, na yule mwanafunzi wangu huitumia macho yake yakichoka. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinapatikana kwenye maktaba yake ya mtandaoni, jambo linalorahisisha kukuza kurasa badala ya kutoa nakala mbovu.

Jaribio lisilofaulu ni programu moja ya kugeuza maneno kuwa maandishi, ambayo nilitaka imsaidie mwanafunzi mwenye usikivu hafifu. Mimi huchanganya Kiswahili na Kiingereza kama walimu wengi, nayo ikawa inapoteza maneno kila nilipovuka lugha, na mtandao ukikatika inanyamaza kabisa. Kilichomsaidia ni kukaa mbele, mimi kuacha kuongea nikiwa nimegeukia ubao, na jirani yake kumwonyesha daftari.

Gharama kubwa ni muda. Maandalizi yanakuwa marefu mwanzoni, hasa kama una mikondo mingi na vipindi vingi kwa wiki. Na asiwepo wa kukuahidi miujiza ya matokeo: mapitio ya Matthew Capp ya mwaka 2017 yalisema UDL inaboresha mchakato wa kujifunza lakini athari yake kwa ufaulu ilikuwa bado haijathibitishwa. Mimi nimeona madaftari yenye mawazo ya watoto wenyewe na mikono mingi zaidi, na kwa hilo naendelea.

Ukitaka kuanza, usivisome vipengele vyote 36 kwa mkupuo. Nenda kwanza kwenye mwongozo wa pili kati ya ile tisa, unaohusu lugha na alama, kwa sababu ndio uliokaribu zaidi na madarasa yetu. Chukua mada moja unayojua huwashinda wanafunzi kila mwaka, iandike lengo lake kwa sentensi moja bila kutaja kalamu wala daftari, kisha tafuta wanakwamia wapi. Mwenzangu wa Jiografia ameanza na usomaji wa ramani, na sasa hivi tunatengeneza naye ramani ya kata yetu ya kupapasa, kwa kamba na gundi juu ya boksi.