Uzoefu wangu na kingamwili ya sungura ya kunasa hemolisini ya alfa

Nimeitumia miezi minne sasa na niko kichupa cha pili, nikaona niandike maana kabla sijaagiza nilitafuta mtu aliyeitumia kweli anieleze nikakosa, kilichokuwepo ni ile picha ya muuzaji tu, bendi moja safi kabisa (bendi ni mstari unaoonyesha protini ilipokaa). Ni kingamwili polikloni, yaani mchanganyiko wa kingamwili nyingi, iliyotolewa kwenye sungura, ya kunasa hemolisini ya alfa, sumu ya bakteria Staphylococcus aureus, ile tunayoiandika Hla kwenye tyubu. Bei yake si ya kuchezea, kwa hiyo ukikosea unaumia.

Kwa ambao hamjaishika hii sumu: bakteria anaitoa nje ikiwa kipande kimojakimoja cha kilodaltoni 33 hivi (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), kikifika kwenye utando wa seli vipande saba vinakutana vinafanya duara halafu vinasukuma bomba moja kupenya lile tabaka la mafuta, na seli inabaki na tundu ambalo haiwezi kuliziba kirahisi. Umbo lake lilichapishwa 1996 na linafanana na uyoga, kofia juu na shina limezama kwenye utando. Kazi yangu ni kupima streni ipi, yaani aina ipi ya bakteria huyu, inatoa sumu kiasi gani, na kama kweli vile vipande vinaungana au vinabaki vimetawanyika, ndio maana nilitaka kingamwili inayoziona hali zote mbili.

Nianze na uzuri. Nilivyoweka sumu iliyosafishwa kwenye jeli (inatenganisha protini kwa ukubwa, kisha zinahamishiwa kwenye membreni na kuwekewa kingamwili), bendi ya 33 ilitoka mara ya kwanza tu na nikashuka mpaka nanogramu 5 kwa kisima bado naiona. Karatasi ya maelezo ya muuzaji inasema uzimue 1 kwa 1000, msifuate hiyo, membreni yangu ilitoka nyeusi yote hata sehemu zisizo na kitu. Nikapanda mpaka 1 kwa 5000 na maziwa ya unga asilimia 5, usiku kucha kwenye baridi, ikatulia ikawa safi. Tena na kichupa kinadumu zaidi.

Sasa shida. Nilipoacha sumu safi nikaanza kuweka sampuli zangu zenyewe, yaani yale maji ya juu ukishazungusha bakteria kwenye sentrifyuji, pakatokea bendi nyingine nene karibu na kilodaltoni 50, tena kwenye baadhi ya streni ilikuwa nene kuliko ile ya 33 ninayoitafuta. Nikasema labda ni vipande viwili vimeshikana, lakini viwili vingekuwa 66 siyo 50. Nikachemsha zaidi, nikaongeza DTT (kemikali ya kuachanisha protini zilizoshikana), nikabadilisha jeli, nikatengeneza bafa upya, wiki tatu zimekwenda na bendi iko palepale haijasogea hata milimita. Niliumia sana kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuandika matokeo kwa kujumlisha bendi zote mbili.

Kilichonifungua macho ni kisima cha nne. Nilikuwa nimeweka streni iliyofutwa jeni ya hla, ile ambayo haitoi hii sumu kabisa, na picha ilipotokea kwenye skrini 33 haikuwepo, pametulia peupe, ila ile ya 50 imekaa vilevile inang'aa. Kitu kisichokuwepo hakiwezi kutoa bendi jamani. Kesho yake nikarudia membreni ileile ila badala ya kingamwili nikaweka seramu ya sungura wa kawaida ambaye hajawahi kuchomwa hii sumu, na 50 ikatokea tena.

Ni protini A. Wanaofanya kazi na aureus wengi wenu mtakuwa mshaijua, lakini mimi nimetokea upande wa seli za wanyama sikuwa na hilo kichwani. Huyu bakteria ana protini kwenye ukuta wake, na nyingine anaimwaga nje, ambayo inashika mkia wa kingamwili, siyo ule upande wa kunasia, na ya sungura inaishika kwa nguvu sana. Kwa hiyo haijalishi umenunua kingamwili ya kunasa nini, ikiwa ni IgG ya sungura (IgG ndiyo kingamwili ya kawaida ya kwenye damu) itanaswa yenyewe. Ukubwa wake unabadilika kidogo kutoka streni moja hadi nyingine, ndio maana kwangu ilikuwa inacheza juu chini kati ya kisima cha streni moja na nyingine nikadhani ni jeli mbovu.

Malalamiko yangu makubwa kwa muuzaji ni hapa. Hii siyo siri, ni jambo la miaka mingi, na anauza kingamwili ya sungura kwa ajili ya bakteria huyuhuyu halafu kwenye karatasi yake hakuna hata mstari mmoja. Picha yake ni ya sumu safi tu, hajaweka maji ya bakteria. Nilimwandikia nikamtumia na picha zangu, akanijibu nipunguze muda wa kupiga picha. Hilo halitatui kitu, linaificha tu bendi.

Nilivyotatua: kabla ya kuweka kingamwili naiachia membreni saa moja kwenye IgG ya binadamu, hiyo inakwenda inajaza zile nafasi za protini A, ndipo naweka ya sungura. Ila hakikisha kingamwili yako ya pili, ile inayoshika ya sungura ili bendi ionekane, ni ile iliyochujwa isishike IgG ya binadamu, la sivyo utawasha membreni nzima. Bendi ya 50 ikabaki kivuli. Ukiwa na streni iliyofutwa jeni ya spa, inayotengeneza protini A, ni bora zaidi maana protini A yenyewe haipo. Na kisima cha streni isiyo na hla sasa hivi nakiweka kila jeli, hata nikiwa na haraka namna gani.

Kwa upande wa vipande saba kuungana, hapa nimeipenda kweli. Nilichanganya sumu na utando wa chembe nyekundu za sungura, ambazo ndizo zinazoathirika haraka, za binadamu zinastahimili zaidi ya mara mia, halafu nusu ya sampuli nikachemsha na nusu nikaiweka kwenye jeli bila kuchemsha. Iliyochemshwa ikarudi 33 yote. Isiyochemshwa ikaonyesha bendi juu kule, zaidi ya 200, kwa sababu hilo duara likishakamilika SDS (ile sabuni ya kwenye jeli) peke yake haiwezi kulivunja, mpaka ulipashe moto. Kingamwili iliziona zote mbili vizuri, nilikaa naiangalia ile picha muda mrefu. Rafiki yangu anatumia monokloni moja (kingamwili ya aina moja tu, siyo mchanganyiko) inayoona kipande kimoja tu, duara haioni, kwa hiyo kwa kazi kama hii polikloni imeshinda.

ELISA ya kushika kwa juu na chini (kipimo cha rangi ambapo kingamwili moja chini inashika sumu na nyingine juu inaionyesha) sikushauri kwa sampuli za bakteria, protini A inaunganisha kingamwili ya chini na ya juu yenyewe na kisima kinageuka rangi hata sumu haipo. Kwa hiyo tafuta kingamwili ya kuku, inaitwa IgY, haishikwi na protini A. Halafu hii yangu ina azidi ya sodiamu ndani (kihifadhi kinachoua seli), usiimwage kwenye seli hai ukitaka kuona kama inazuia sumu, seli zitakufa kwa azidi utasema ni sumu ya bakteria.

Kichupa cha pili kilikuja na loti nyingine (yaani kundi lingine la uzalishaji) na kilikuwa dhaifu, 1 kwa 5000 haikutosha ikabidi nishuke 1 kwa 3000, polikloni ndivyo zilivyo kwa sababu sungura amebadilika, kwa hiyo pima upya kila loti kabla hujalinganisha picha za zamani na mpya. Naigawa kwenye tyubu ndogondogo nikiipokea tu, sigandishi na kuyeyusha mara mbilimbili.

Naipa nyota nne, ya tano nimeinyima kwa ajili ya ile karatasi. Cha tatu nimeshaagiza na nimeomba wanitafutie loti ya kwanza kama imebaki.