Ruzuku ya TASAF kwa mzee anayeishi peke yake, uzoefu wangu na shangazi

Kama una mzee anayekaa mwenyewe na unajiuliza huu mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali) una faida gani, faida ipo, ila kwanza kaangalie laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la nani.

Shangazi ana miaka 74, amepanga chumba Mbagala, mume alishafariki na watoto hakujaliwa. Jina lake lilitajwa kwenye mkutano wa mtaa, halafu wakaja kumhoji nyumbani, analala wapi, anapikia nini, choo cha aina gani. Hela inakuja kila baada ya miezi miwili. Mara ya mwisho ilikuwa 24,000, kwa Dar hiyo hata kodi haifikii ila kwake ni mkaa na unga na haombi mtu.

Sasa balaa ni simu. Zamani walikuwa wanapewa keshi mkononi, baadaye wakaambiwa leteni namba za simu, hela itumwe huko. Na laini ya shangazi nilisajili mimi kwa NIDA yangu (kitambulisho cha taifa), ile 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zinazimwa watu tunakimbizana, kwa sababu kila akiweka kidole mashine inagoma, miaka yote ya kukaanga samaki na kukuna nazi vidole vimebaki kama kigae. Kwa hiyo jina kwenye mpango ni lake, kwenye laini ni langu, hela ikagoma kuingia, miezi minne nazungushwa nenda rudi nauli yangu mwenyewe. Aliyetuokoa ni kijana mmoja wakala, akamfuta vidole kwa kitambaa chenye maji, akajaribu kimoja kimoja mpaka kidole cha mwisho mkono wa kushoto kikakubali, laini ikasajiliwa kwa jina lake, shangazi akapiga kigelegele pale pale dukani 😂

Bado namba ya siri anamtajia wakala kwa sauti na foleni yote inasikia, hapo nimeongea mpaka nimechoka, siku hizi naenda naye.

Mama mkubwa yuko Unguja, kule pensheni jamii ipo tangu 2016, ukifika miaka 70 unalipwa kila mwezi, hakuna cha kuulizwa una choo gani. Nilivyomsimulia shangazi akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, nauli ya boti shilingi ngapi?"