Mkungu au magugu maji kwenye bustani? Vyote navihudumia, hivi ndo naviona

Majirani zangu huku Kigamboni wameniuliza hili swali mpaka nimeona bora niliandike mara moja. Mtu ana uwanja wa kawaida, mchanga mtupu, jua kali, anataka kitu cha kupendezesha na kupoza nyumba, je apande mkungu au achimbe kibwawa aweke yale magugu maji yenye maua ya zambarau ambayo siku hizi baadhi ya wauza miche wanayauza kama maua ya urembo? Mkungu ninao mwenyewe mbele ya baraza, magugu maji yako kwa dada yangu Mbezi na mi ndo huwa namsaidia kuyapunguza, kwahiyo vyote nimevishika kwa mikono. Nasema mapema kabisa: mkungu. Na sio kwa sababu ya uzuri, maana kwa uzuri wa haraka haraka magugu yanashinda.

Tuanze na mti. Mche nilichukua kwa buku tano kwenye kitalu cha barabarani, nikauchimbia shimo pana, nikachanganya mchanga na samadi, nikaupanda masika ilipoanza. Mkungu unakua haraka jamani, na unakua kwa mpangilio wake wa kipekee, matawi yanatoka kwenye shina kwa ngazi, kila ngazi imelala kuelekea pembeni, afu shina linapanda juu linatoa ngazi nyingine, yaani unauona kama ghorofa. Majani ni mapana, jani moja linaweza kufika sentimita 25 au zaidi, ndo maana kivuli chake ni kizito. Mchana wa Januari ukitoka juani ukakaa chini yake unasikia tofauti hapo hapo.

Kwa watu wa pwani kuna kitu kingine ambacho mi nakithamini kuliko vyote: huu mti hauogopi chumvi. Upepo wa bahari unaupiga, mchanga wetu hauna rutuba, maji ya visima vingi huku yana chumvichumvi, na bado unasimama. Asili yake ni fukwe za Asia na visiwa vya Pasifiki, tunda lake linaelea baharini linaweza kusafiri mbali likaota, kwahiyo huku kwetu umefika umekuta mazingira unayoyajua. Majani yakikaribia kudondoka yanageuka mekundu na ya chungwa, mti mzima unawaka rangi, na hiyo kwa nchi yetu ni adimu, miti mingi huku majani yanakauka tu yanaanguka.

Na kungu zenyewe! Watoto wa mtaani wanazijua, wanakula nyama ya nje, afu wanagonga kokwa kwa jiwe watoe kile kiini cha ndani chenye ladha ya lozi. Kazi ni nyingi kuliko shibe ila hawachoki.

Sasa ubaya wake, maana upo. Majani yanadondoka kwa wingi, tena sio mara moja kwa mwaka, na ni makubwa, yakiingia kwenye gata yanaziba. Kungu zikiiva popo wanakuja usiku, wanabeba, wanaangusha, asubuhi unakuta madoa kwenye pevingi na kwenye gari kama umelipaki chini. Mizizi nayo inanyanyua pevingi ikiwa umeupanda karibu. Mti ukikomaa unaweza kupita mita 20 na matawi yanatanuka sana, kwahiyo kama kiwanja chako ni 20 kwa 20 na nyumba imeshakula sehemu kubwa, au karo na bomba vipo pale pale unapotaka kivuli, usiupande, tafuta mti mdogo. Mi nimeuacha mbali na msingi na karo, na bado kila mwaka fundi anapanda kupunguza matawi.

Haya, magugu maji. Nitayatendea haki kwanza. Ua lake ni zuri kweli kweli, zambarau laini lenye doa la njano kwenye petali ya juu, na vile vikonyo vilivyovimba vyenye hewa ndani vinavyofanya mmea uelee wageni wote wanapenda kuvibonyeza. Ni rahisi kuyapata, huhitaji udongo wala samadi, unatupia tu kwenye maji. Mizizi yake inaning'inia chini, inafyonza ule uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, na ule ukijani wa kwenye maji unapungua. Samaki wadogo wanajificha humo. Kwa wiki za mwanzo utajiona umepata mmea bora kuliko yote duniani.

Tatizo ni spidi. Kwenye maji ya joto yenye mbolea, na kibwawa cha samaki ndo hivyo hivyo kilivyo, magugu yanaweza kujiongeza mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Unatoa nusu, yanarudi. Ukisafiri ukarudi umekuta yamefunika kote, basi mwanga hauingii, hewa kwenye maji inapungua, na samaki unawakuta alfajiri wako juu wanahema. Maji yaliyofunikwa namna hiyo yametulia, mbu wanazaliana raha mustarehe. Na lile ua lenyewe halidumu, siku moja au mbili limesinyaa. Halafu kwa sisi wa Kigamboni wala tusijisumbue, magugu maji hayavumilii chumvi, ukijaza kibwawa kwa maji ya kisima yenye chumvi majani yanaungua pembeni mmea unakufa.

Ila hata pale yanapostawi mi siwezi kumshauri mtu anunue, na hapa naongea kama mtu niliyekulia Mwanza. Huu mmea asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu waliusambaza duniani kwa sababu hiyo hiyo ya kupenda ua lake kwenye mabwawa ya urembo. Ziwa Victoria ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, mto Kagera ukawa unazidi kuuleta, na kufika katikati ya miaka ya 1990 ulishafunga ghuba, mitumbwi haipiti, nyavu zinanasa, bandari zinahangaika. Ilibidi waletwe wadudu maalumu wanaokula magugu, na mpaka leo ghuba ya Winam kule Kisumu kazi haijaisha. Kuna wanaosuka vikapu na samani kwa vikonyo vilivyokauka, nawapongeza sana, lakini ukiuliza mvuvi atakwambia angependa ziwa lake lirudi.

Mbegu zake zinaweza kulala kwenye tope miaka mingi, hata 15 au 20, afu zikaota. Sasa fikiria kibwawa cha Dar, mvua ikija tunajua wenyewe mafuriko yetu yalivyo, kibwawa kinafurika, magugu yanaingia mtaroni, mtaro unaenda mtoni. Au rafiki anakuomba kipande apeleke kwao Morogoro, na kule ndo kuna vijito vinavyoingia Ruvu, mto tunaokunywa sisi Dar. Kipande kimoja kinatosha.

Dada nimeshamshawishi, tunayatoa yote. Tunayaanika juani kwenye sakafu mpaka yakauke kabisa ndo yanaingia kwenye mboji, hatutupi mtaroni. Badala yake ataweka yungiyungi, ambalo unalipanda kwenye ndoo yenye udongo unaizamisha, linabaki kwenye ndoo yake, na maua yake hayana deni kwa mtu. Majani makavu ya mkungu wangu anachukua pia, wafugaji wa samaki wa mapambo wanayatumia sana, yanatoa rangi ya kahawia kwenye maji na samaki wanatulia. Osha kwanza, weka machache.

Ukienda kununua mkungu chagua mche wenye shina moja lililonyooka, uinue uangalie chini ya kiroba, kama mizizi imeshatoboa na kujizungusha mwachie muuzaji. Na akikuonyesha beseni la magugu maji, mweleze yametoka wapi na yanafanya nini, wengi wao hawajui.