Chembe chenye tundu au chembe chenye msuka?

Ukishika vyembe viwili vya kale vya mishale, vyote vya shaba iliyochanganywa na bati, usianze na ncha. Tazama kitako.

Chenye tundu la kuingizia uti wa mshale, hasa kikiwa kidogo na chenye mbawa tatu, ni cha aina ya Kiskithi, yaani ya Waskithi, wapanda farasi wa nyikani. Kilimiminwa kwenye kalibu, hivyo fundi aliweza kutoa vingi vinavyofanana. Vingine vina kijino pembeni cha kuzuia mshale usichomoke kwenye jeraha. Ukatili wa hesabu kabisa. Asili yake ni nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi hadi Asia ya Kati, lakini hapa ndipo wengi wanapoteleza: umbo halitaji mwenye upinde. Waajemi na Wababeli nao walivitumia. Vimefukuliwa Yerusalemu katika tabaka la majivu ya mwaka 586 KK, Wababeli walipouchoma mji, na huko Thermopylae, Ugiriki, mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alivikuta mwaka 1939 kwenye kilima cha Kolonos, walikofia Wasparta, askari wa Kigiriki, wakipigana na Waajemi mwaka 480 KK.

Chenye msuka, yaani mkia mwembamba unaochomekwa ndani ya uti, kwa kawaida ni bapa kama jani na kirefu zaidi. Hupatikana Luristan, magharibi mwa Iran, na nchi za Shamu. Vya el-Khadr, karibu na Bethlehemu, vina maandishi ya karne ya 11 KK yanayomtaja mwenye mshale.

Kwangu hicho cha pili ndicho kigumu kukipa tarehe, kwa sababu umbo lake lilidumu karne nyingi. Bila kujua kilichimbwa wapi, utabaki kukisia.