Zulip, programu ya kuchati kikundi, kwenye seva yetu wenyewe, mwaka na nusu na watu 40

Kila baada ya miezi michache lazima atokee mtu na swali la printa. Zile ndogo za bluetuthi za karatasi ya milimita 58, risiti inatoka nyeupe pe, hakuna hata herufi moja. Sisi tuna programu ya bure ya kuhesabu stoku kwenye maduka ya dawa, tumeiandika kwa lugha ya Python watu watano, na wanaoitumia na kutusaidia kuijaribu ni kama 40 hivi. Jibu la risiti nyeupe ni fupi: karatasi umeiweka kinyume. Zile printa hazina wino, karatasi yenyewe imepakwa dawa upande mmoja inayogeuka nyeusi ikipata joto, so ukiigeuza inapita tu kama ilivyoingia. Paruza kwa ukucha, upande utakaoacha mstari mweusi ndo unatakiwa kukitazama kichwa cha printa.

Mara ya kwanza hilo jibu alilitoa mwenzetu wa Mbeya, voisi ya dakika tatu na picha mbili, kwenye gurupu la simu. Baadae simu yake ikaibiwa, mimi kwangu nilishafuta midia ili nipate nafasi, na walioingia gurupu baada ya pale hawakuwahi kuiona kabisa. Miezi minne baadae dokta mmoja wa Tunduma anauliza kitu kilekile na duka limejaa wateja, na hakuna hata mmoja wetu mwenye ile voisi. Hapo ndo niliamua kwamba hatuwezi kuendelea hivi, maana jasho la watu linamwagika chini kila siku.

Tukahamia Zulip, tena kwenye seva tunayoilipia wenyewe, yaani kompyuta ya kukodi inayokaa hewani muda wote. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni sehemu ya kuchati kama nyingine, tofauti yake ni kwamba ndani ya chaneli kila meseji inakaa chini ya topiki yenye jina. Kwetu kuna chaneli inaitwa "msaada", ndani yake topiki "risiti inatoka nyeupe", topiki "tarehe ya dawa kuisha haionekani", topiki "stoku imekuwa hasi", na kila moja ina mazungumzo yake toka mwanzo mpaka mwisho hayajachanganyika na habari za mechi ya jana. Mtu akiuliza saa nne asubuhi, mimi niko kazini, najibu saa tatu usiku palepale kwenye topiki yake, na hakuna anayeona nimefufua kitu cha zamani. Mtu akiandika pasipo pake unazihamisha meseji zake unazipeleka topiki inayohusika, na swali likishapata jibu unaitiki, tiki inakaa mbele ya jina la topiki kila mtu anaona hili limeisha. Kwa kweli hiki kitu kimoja peke yake kilitosha kunifanya nisitake kurudi nyuma.

Kuhusu seva, maelekezo yao yanataka angalau GB 2 za RAM (kumbukumbu ya kompyuta ikiwa kazini) kama watu hamfiki 100, juu ya Ubuntu au Debian, ambazo ni mifumo ya bure ya kuendeshea kompyuta. Sisi tunalipa dola 12 kwa mwezi, inakuja kama elfu thelathini na kitu, tunachanga buku mbili mbili kwa M-Pesa watu kumi na sita na mmoja analipa kwa kadi. Kuinstoli kwenyewe ni jioni moja. Kilichonitesa ni email, maana Zulip inataka kila mtu ajisajili kwa email na seva iweze kutuma, na kumbe kampuni tuliyokodi seva imefunga njia ya kutuma email moja kwa moja, siku tatu nahangaika najua tatizo ni langu mpaka nikatafuta huduma nyingine ya kutuma email kando. Ukitaka kufuata njia hii ulizia hilo kwanza kabla hujalipa.

Kingine mkijue mapema, notifikesheni za simu hata kama seva ni yenu zinapitia kwenye huduma ya wenyewe Zulip, na bure yake inaishia watu 10. Mkizidi mnalipa, au kama programu yenu kodi zake (yaani maandishi yanayoiunda programu) ziko wazi kwa kila mtu kama yetu mnaomba mpango wa jamii ambao ni bure. Tuliomba. Na kama seva hamuiwezi kabisa, wanayo ya kwao mnayoweza kufungua bure, ila historia ya kusachi inaishia meseji 10,000.

Sasa kuna wenzetu wawili walipinga sana toka mwanzo na hoja zao nzito, sitaki kuzipita juu juu. Wakasema, mbona Slack ipo, programu nyingine ya kuchati inayokaa kwenye seva za wenyewe, kwa nini mjitwishe mzigo wa seva. Mimi jibu langu ni hili: Septemba 2022 Slack walibadilisha mpango wa bure ukawa unaonyesha siku 90 tu za nyuma, na 2024 wakaanza kufuta kabisa vitu vilivyozidi mwaka mmoja kwa wanaotumia bure. Ni haki yao, nyumba ni yao. Lakini sisi swali la printa linarudi kila baada ya miezi minne, mitano, sasa siku 90 zinanisaidia nini? Na Zulip yenyewe imeshapita huko, kampuni ya Dropbox waliinunua 2014 ingali changa kabisa, ingeweza kuishia hapo, kilichoiokoa ni kwamba 2015 kodi zake ziliachiwa wazi kwa kila mtu. Leo kampuni yao ikifungwa, seva yetu kesho inawaka kama kawaida.

Hoja ya pili ndo iliyoniuma zaidi maana ni kweli: wenye maduka wengi wananunua bando la mitandao ya kijamii tu, WhatsApp inafunguka, Zulip haifunguki mpaka uwe na bando la kawaida. Na mama mwenye duka Kilosa hana email, ya kwake alifunguliwa na mtoto wake na paswedi haijui. Kwa hiyo gurupu la WhatsApp hatukulifunga. Mtu anauliza kule, mmoja wetu anaipeleka topiki kwenye Zulip, jibu likipatikana linarudishwa kule kwa skrinshoti. Ni kazi ya mikono, inachosha, na wiki ambazo mimi nimebanwa haifanyiki. Bado sijaona njia nyingine inayowaheshimu watu wote wawili, yule mwenye laptopu na yule mama.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja ni ya email na bando. Kama kikundi chenu hakina watu wawili walio tayari kuishika seva, nasema wawili, si mmoja, basi msianze, tumieni ile ya kwao ya bure kwanza, maana seva ya mtu mmoja akiugua au akihama kazi inakufa na kila kitu ndani yake. Sisi paswedi tunazo mimi na dada mmoja wa Mwanza. Bekapu inachukuliwa kila Jumapili usiku, kopi moja inakaa kwangu Morogoro nyingine kwake, na mwezi wa nne tuliijaribu kweli, tukaiwasha upya kwenye seva tupu, topiki ya risiti nyeupe ikarudi na zile picha mbili za yule wa Mbeya, alizipiga upya.