Kabla hujanunua mashine ya kahawa ya barafu, ulizia mpira wake

Mashine yangu ya kwanza niliinunua mwezi wa Desemba kwa shilingi 385,000. Ilifanya kazi vizuri miezi mitano, halafu ile pete nyeusi ya mpira inayokaa pale mpini wa kuwekea kahawa unapojifungia ikakauka, ikapasuka. Kuanzia hapo, kila nikibonyeza kitufe, maji ya moto yalichuruzika pembeni ya mpini badala ya kupita katikati ya kahawa. Kilichoingia kwenye glasi yangu kilikuwa na rangi ya chai iliyorudiwa majani.

Nikarudi dukani. Kijana yule yule aliyenisifia mashine nusu saa nzima akaniambia, "Dada, hizi hazina spea. Labda uchukue nyingine." Nikamwonyesha risiti. Akaninyooshea kidole maandishi ya chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Nilizunguka madukani Jumamosi mbili mfululizo na ule mpira uliopasuka nimeufunga kwenye leso, na hakuna aliyekuwa na mfano wake. Mwishowe fundi wa mtaani kwetu, mzee mwenye moyo mzuri, akanikatia pete kutoka kwenye tyubu ya pikipiki. Ilizuia maji siku tatu. Ila kahawa ilinuka tairi, nikaitoa, maana mpira wa tyubu haukutengenezwa kupitiwa na maji yachemkayo ambayo mtu atayanywa.

Kwa hiyo vifaa vilivyopo hapa chini nimevipanga kwa swali moja tu: mpira wake ukichoka, nitaupata wapi na kwa taabu gani? Mambo ya rangi, umbo na kama kinapendeza juu ya kaunta utayasoma kwingine.

Kwenye kahawa ya barafu mpira una uzito zaidi kuliko kwenye kahawa ya moto, na sababu ni barafu yenyewe. Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunahitaji joto lile lile linalotoka kwenye gramu moja ya maji yanapopoa nyuzi 80. Maana yake, ukimwaga gramu 60 za kahawa yenye joto la nyuzi 80 juu ya barafu, hadi ipoe kabisa itakuwa imeyeyusha gramu nyingine 60 hivi. Kahawa yako imeshakuwa nusu kwa nusu na maji kabla hujagusa maziwa. Kwenye kikombe cha moto, kahawa iliyopungua nguvu kidogo kwa sababu mpira unavujisha unaweza usiigundue. Kwenye glasi ya barafu unaigundua kwa funda la kwanza, kwa sababu barafu inamalizia kile ambacho mpira umeshaanza kukiharibu. Ndiyo maana wengi wanalaumu kahawa waliyonunua, wanabadilisha pakiti baada ya pakiti, na kosa liko kwenye pete ambayo hawajawahi hata kuivua.

Namba moja: Bialetti Moka Express ya vikombe 3

Niseme wazi kwamba hii ndiyo ninayoipenda na ndiyo ninayoitumia kila siku. Ni lile birika la alumini lenye pande nane na picha ya mzee mwenye sharubu aliyeinua kidole. Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933 huko Crusinallo, Italia, na mwanawe Renato ndiye aliyelieneza. Renato alipofariki mwaka 2016, majivu yake yaliwekwa ndani ya birika kubwa la moka. Chombo kilichopendwa kiasi hicho hakikuniacha bila spea. Mipira ya Bialetti inauzwa kwa pakiti, mitatu pamoja na kichujio kimoja cha juu, na kila pakiti imeandikwa ni ya birika la vikombe vingapi. Niliagiza pakiti mbili siku ile ile niliyonunua birika. Mpira nilionao sasa una miezi 14 na bado unabonyea kwa kucha.

Kitaalamu, moka haitoi espresso, ile kahawa nzito inayokamuliwa kwa presha kubwa. Mashine ya espresso inasukuma maji kwa presha ya bar 9 hivi, moka ni kama bar 1 na nusu. Lakini kahawa yake ni nzito, nyeusi, na inahimili barafu vizuri. Birika la vikombe 3 linatoa mililita 130 hivi, na hapo ndipo wauzaji wanapowakoroga watu: "vikombe" hivyo ni vile vidogo vya espresso, vinavyokaribia ukubwa wa vikombe vya kahawa chungu, siyo vikombe vya chai. Kwangu mimi ni glasi mbili za barafu.

Unatia maji ya moto kwenye tumbo la chini, yasifike kwenye valvu, kile kitundu cha pembeni cha kutolea mvuke. Unajaza kahawa bila kuishindilia, unakaza barabara, unaweka jikoni kwa moto mdogo. Sasa tazama kiuno cha birika, pale vipande viwili vinapokutana. Mpira ukiwa mzima, kiuno kinabaki kikavu na kahawa inapanda juu taratibu, rangi ya asali ya nyuki wadogo. Ukianza kuchoka, utaona vipovu vinachemka kwenye kiuno na kusikia mlio wa "fss": hiyo ni presha iliyopaswa kusukuma kahawa yako, inakimbia. Birika likianza kukoroma, zima moto. Sukari weka hapo hapo kahawa ikiwa moto, kwa sababu ikishagusana na barafu haiyeyuki upesi, inabaki chini ya glasi kama mchanga. Mimina kwenye chupa yenye barafu, funga, tikisa sekunde 15. Waitaliano wanakiita kinywaji hiki shakerato, na utapata povu ambalo hotelini unalilipia shilingi 9,000.

Ubaya wake ni kwamba birika la vikombe 3 ni dogo kwa vyuma vya majiko mengi ya gesi, linainama. Nunua kile kichuma kidogo cha kuegemeza. Kwenye mkaa kahawa inatoka vizuri, ila mpini ni wa plastiki na utayeyuka ukiuelekeza kwenye makaa. Jiko la umeme la induksheni halilipashi kabisa la alumini. Na usilihifadhi likiwa limekazwa na lina unyevu, kwa sababu mpira unakaa umebanwa usiku kucha na kufa mapema.

Namba mbili: AeroPress

Aliyeibuni ni Mmarekani Alan Adler, yule yule wa kile kisahani cha kurusha cha Aerobie, na ilianza kuuzwa mwaka 2005. Ni kama bomba kubwa la sindano: unaweka kahawa, maji ya moto, unakoroga, unasukuma kwa mkono. Haihitaji umeme, na haina presha ya kukutisha. Kwa barafu, tia kahawa gramu 18 na maji mililita 80 tu, ubonyeze moja kwa moja juu ya barafu.

Mpira wake ni ile kofia iliyo kwenye ncha ya kisukumio, na kampuni inauuza peke yake. Ila wengi wanauua wenyewe. Baada ya kunywa wanaacha kisukumio ndani ya bomba, mpira unabanwa siku nzima, unasinyaa, na baada ya muda hewa inapita pembeni. Sukuma mpaka mpira utokeze upande wa pili, au uchomoe kabisa. Ningeipa namba moja kama ingetosha wageni wawili kwa mkupuo mmoja.

Namba tatu: De'Longhi Dedica

Hii ni mashine halisi, nyembamba, upana sentimita 15, na inatoa espresso yenye povu. Spea zake zinatengenezwa na mpira wake unabadilika kwa bisibisi. Lakini mimi sijaukuta kwenye duka lolote ninalopita; ni kuagiza na kusubiri. Halafu fikiria unalipia nini. Sehemu kubwa ya raha ya mashine kama hii ni ule mkono wa mvuke wa kupasha maziwa, na kwenye kahawa ya barafu maziwa yanatoka kwenye friji. Inakula takriban wati 1,300, na umeme ukikatika huna kahawa. Kama nyumba yako inatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama wengi wetu Dar es Salaam, usithubutu kuyatia humo: yataganda magadi kwenye mabomba ya ndani. Tumia maji ya kunywa ya dukani, na hesabu gharama hiyo tangu mwanzo.

Mashine za kapsuli, vile vikopo vidogo vya kahawa vya kutumia mara moja, kama Nespresso, siziweki kwenye orodha. Kapsuli ya kawaida ina gramu 5 au 6 za kahawa, wakati birika langu la moka linachukua 15 na zaidi. Barafu inaimeza.

Za bei rahisi: birika za moka zisizo na jina zinafanya kazi mpaka siku mpira utakapochoka. Chupa ya kioo ya kubonyeza haitoi kahawa nzito ya kutosha. Kama huna fedha sasa hivi, chukua Africafé, vijiko viwili, maji ya baridi kidogo, tikisa na barafu. Siyo espresso, lakini hakuna moto wa kuyeyusha barafu na ladha inabaki.

Na kuhusu aina ya kahawa, robusta au arabika: kwa glasi ya barafu yenye maziwa, changanya robusta ya Kagera. Arabika ya Kilimanjaro au Mbinga nainywa moto bila kitu, ila ikikutana na barafu na maziwa ule uchachu wake mzuri unapotea. Robusta ina uchungu wa kusimama. Wavietnamu wanaimimina na maziwa mazito ya kopo juu ya barafu, na ukionja utaelewa kwa nini hawahangaiki na arabika.

Sasa wauzaji. Nimechoka na "njoo inboksi". Unaweka picha ya bidhaa, mtu anauliza bei hadharani, unamjibu njoo inboksi, na huko ndani unamtazama kwanza picha zake ndipo umtajie. Mimi na jirani yangu tuliulizia birika moja kwa muuzaji mmoja siku moja, tukapewa bei mbili zilizopishana shilingi 40,000. Huo si ujanja wa biashara, ni kumwonea mteja. Na wale wanaoandika "bar 20" kwa herufi kubwa kwenye boksi: hiyo ni nguvu ya pampu ikiachwa ifike mwisho wake, espresso haihitaji zaidi ya 9. Ningependa waandike kwa herufi hizo hizo kama mpira upo na unauzwa shilingi ngapi. Muulize muuzaji swali hilo kabla hujatoa simu kulipa. Akisema "hauharibiki huo, dada", ondoka. Kila mpira unaokutana na maji yachemkayo kila asubuhi utaharibika.

Kama tayari unacho chombo kisicho na jina, usikitupe. Vua mpira kwa ncha ya kijiko, usitumie kisu, kitakwaruza alumini. Uoshe, ukauke, uulaze juu ya karatasi, kisha upime kwa rula vitu vitatu: upana wa nje, upana wa tundu, na unene. Ulizia pete ya silikoni ya kutumika na chakula yenye vipimo hivyo. Silikoni inadumu kuliko mpira mweusi.

Ile mashine yangu bado ipo juu ya kabati. Mpira wake ni milimita 66 nje, 54 ndani, unene 8. Mwenye duka aliye na pete ya silikoni ya vipimo hivyo, tafadhali aandike bei hadharani, nami nitachukua mbili.