Meloksikamu ya maji kwa mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo: uzoefu wangu

Nimekuwa nikimpa mbwa wangu meloksikamu ya maji, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, kwa zaidi ya mwaka sasa, na kila nikiitaja watu huuliza kama ni ile ya binadamu, kwa hiyo acha niandike yote mara moja. Kwa wenye haraka: inafanya kazi, bei yake inauma, na kama huna mizani wala hujampima mbwa wako damu, usiiguse.

Tomi ni jamani shepadi wa miaka 11. Tunaishi Arusha, upande wa juu kuelekea Mlima Meru, ambako Juni na Julai baridi inapiga kweli. Kazi yake maisha yote imekuwa ulinzi: mchana yuko bandani, usiku anazunguka uwanja. Aliyegundua kwanza ni kijana wetu wa getini. Alisema, "Baba, mzee siku hizi anabweka akiwa amelala." Tukacheka, lakini tulipoanza kumwangalia vizuri tukaona mengi. Alikuwa anainuka kwa miguu ya mbele kwanza, anapumzika, ndipo anavuta ya nyuma. Mapaja yalikuwa yamekonda huku tumbo likiwa limenenepa. Kucha zimerefuka kwa kukosa mwendo. Mtoto akimshika kiunoni ananguruma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kulia? Hakulia hata siku moja. Anayesubiri mbwa alie ndipo ajue anaumwa atasubiri sana.

Daktari wa mifugo aliyemwona hakukimbilia dawa, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Alimtembeza kwenye kokoto, akamnyoosha nyonga moja baada ya nyingine, kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa mpaka aliponieleza: aliukunja unyayo wa nyuma, akaugeuza juu chini, akatazama kama Tomi ataurudisha upesi. Aina hii ya mbwa hupata pia ugonjwa wa uti wa mgongo unaowafanya waburute miguu ya nyuma bila maumivu, na huo hautibiki kwa dawa ya maumivu. Tomi aliurudisha mguu mara moja. Picha ya eksirei ikaonyesha nyonga zote mbili zimechakaa, gegedu, ile tabaka laini inayokinga mifupa kwenye kiungo, limekwisha na mfupa umeota vinundu pembeni.

Halafu akachukua damu. Wengi wetu hapa tunaona kipimo cha damu kwa mbwa ni anasa, lakini kwenye nchi yenye kupe si anasa hata kidogo. Kupe wa kahawia hueneza erlikia, ugonjwa wa bakteria wa kwenye damu, na erlikia inaweza kuvimbisha viungo mbwa akachechemea vilevile kama mwenye baridi yabisi. Pia hupunguza chembe zinazogandisha damu. Ukimpa mbwa wa namna hiyo dawa ya kundi la meloksikamu, unaongeza hatari ya kutoka damu ndani kwa ndani, na wewe unadhani unatibu uzee. Kipimo hichohicho kinaonyesha hali ya figo na ini, viungo ambavyo dawa hii inaweza kuviumiza. Majibu ya Tomi yalikuwa safi, ndipo tukaandikiwa chupa.

Sasa dawa yenyewe. Ni maji mazito ya rangi ya manjano, yenye miligramu 1.5 kwa kila mililita. Meloksikamu ya maji ya mbwa iliyotangulia sokoni ni Metacam ya Boehringer Ingelheim, iliyoidhinishwa Umoja wa Ulaya mwaka 1998. Siku hizi kampuni nyingi zinatengeneza yenye kiambato kilekile, na ninayotumia mimi ni mojawapo ya hizo. Siku ya kwanza mbwa hupewa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake, na kuanzia siku ya pili 0.1 tu, mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Tomi alipoanza alikuwa na kilo 42, yaani miligramu 4.2, mililita 2.8 kila jioni. Chupa ya mililita 100 ilikuwa inakwenda kama wiki tano.

Kinachonifanya nisifie dawa hii kuliko vidonge ni lile bomba la kupimia linalokuja ndani ya boksi. Limechorwa kwa kilo za mbwa, si kwa mililita, hivyo hata kijana wa getini anavuta mpaka kwenye uzito wa Tomi, anamimina juu ya chakula, basi. Hakuna hesabu wala kugawanya kidonge kwa kisu. Na hapa nijibu lile swali. Ndiyo, meloksikamu ya binadamu ipo duka la dawa, vidonge vya miligramu 7.5 na 15. Kidonge kimoja cha 15 ni zaidi ya mara tatu ya dozi ya siku ya Tomi alipokuwa na kilo 42. Kwa mbwa wetu wa kienyeji mwenye kilo 15, ni mara kumi. Diklofenaki na ibuprofeni ndizo mbaya zaidi, kwa sababu mbwa hazivumilii hata kwa kiasi ambacho mtu angekiona kidogo: tumbo linachubuka, linatoka damu, figo zinafuata. Jirani yangu ananiambia mbwa ni mbwa, mpe Panadol alale. Parasetamoli nayo ikizidi inaua ini. Namheshimu jirani yangu, ila kwa hili simsikilizi.

Maelezo ya dawa yanasema mabadiliko huonekana kwa kawaida ndani ya siku tatu hadi nne, na kama siku 10 zikipita bila nafuu, iachwe. Kwa Tomi wiki ya kwanza haikuisha kabla hatujaona. Alianza kuinuka kwa mwendo mmoja. Akarudi kukojolea nguzo ya geti akiwa ameinua mguu, kitu ambacho alikuwa amekiacha bila sisi kujua sababu. Lakini nisiwadanganye, hakugeuka kuwa kijana. Hapandi tena nyuma ya pikapu, na asubuhi za Julai bado anaanza taratibu. Anayetegemea muujiza atavunjika moyo, kwa sababu gegedu lililokwisha halirudi. Dawa inapunguza uvimbe na maumivu, haijengi kiungo.

Kuna kipindi alikataa chakula na akaharisha. Tuliacha dawa siku ileile, tukampigia daktari, akatuelekeza kupumzika siku kadhaa kisha kuanza tena kwa kiasi kidogo zaidi. Akitapika, akikataa kula au kinyesi kikiwa cheusi kama lami, dawa inasimama hapohapo, usisubiri kesho. Lingine ambalo huku kwetu ni hatari kubwa ni ile sindano ya deksamethasoni, "deksa", dawa kali ya uvimbe ambayo wachoma sindano za mifugo wa mitaani wanaitoa kwa kila kitu, ng'ombe akilala, mbuzi akikohoa, mbwa akichechemea. Deksa na meloksikamu kwa pamoja zinaweza kutoboa tumbo la mbwa. Mmoja alikuja na boksi lake nyumbani akiwa na nia njema kabisa. Nikamwomba atuachie chanjo ya kichaa cha mbwa, hilo lingine tunalo.

Na kuna sehemu ambayo hakuna chupa inayoweza kuifanya. Daktari alisema wazi kwamba kilo 42 ni nyingi kwa nyonga zile. Tomi alikuwa anakula ugali uliobaki wa watu sita. Tukapunguza ugali, tukabakiza dagaa na utumbo, tukaweka mchicha wa kuchemsha kumjaza tumbo. Alinuna. Ameshuka polepole mpaka kilo 36, tunampimia kwenye mizani ya magunia dukani kwa mpemba, watu wakitushangaa. Si hoja ya kubahatisha hii: kwenye utafiti wa Purina uliochapishwa mwaka 2002, labrado 48 walifuatiliwa maisha yao yote, na waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo ukawachelewa. Kwenye baraza la vigae, ambako miguu ya nyuma ilikuwa inateleza, tukatandika zulia kuukuu. Bandani tukaweka godoro la zamani lililoshonewa turubai, maana alikuwa analala juu ya saruji tupu. Matembezi ni mafupi, asubuhi na jioni kabla ya zamu. Baada ya haya yote daktari alitushusha tena dozi, na nafuu imebaki ileile. Kiasi kidogo kinachotosha ndicho kinachotakiwa kwa dawa hii, na uzito ndio uliotufikisha hapo.

Shemeji yangu aliyeko Uingereza ananisukuma nitafute Librela, sindano ya mara moja kwa mwezi. Ile ni kingamwili inayozuia protini inayopeleka taarifa ya maumivu, haipiti njia ya meloksikamu. Iliidhinishwa Umoja wa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2023. Mbwa wake anaipenda, anasema, kana kwamba mbwa alijaza fomu. Lakini Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia madaktari wa mifugo kuhusu ripoti za mbwa walioyumba, kupata degedege au kulegea miguu baada ya sindano hiyo. Kwa mbwa ambaye meloksikamu inamkalia vizuri na figo zake zinapimwa kila baada ya miezi sita, sioni haraka ya kuhama.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeipunguza kwa mambo mawili. Kwanza, karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza tupu kwa maandishi ya kusomea kwa kurunzi, wakati anayempa mbwa dawa katika nyumba nyingi za hapa ni mlinzi au dada. Mimi nimeandika ya kwetu kwa kalamu ya wino mzito na kuibandika bandani. Pili, alama za kilo kwenye bomba zinafutika kwa kuoshwaoshwa, na bomba la ziada haliuzwi peke yake, kwa hiyo chora mstari kwa msumari kwenye uzito wa mbwa wako siku ileile unaponunua. Ukiwa na mbwa mdogo chukua chupa ndogo. Yangu imeandikwa itumike ndani ya miezi sita baada ya kufunguliwa, na mbwa wa kilo nane hataimaliza ile kubwa kwa muda huo.